Juu ya Nini Tunafundisha Pumzi

Mazungumzo mbele ya wanachama na wafadhili



Komite imetuomba tujibu ulizo linalorudi kila mkutano: juu ya nini sisi tunaofanya kazi kwenye tereni tunaomba nusu saa ya kila mafunzo iwe ya kukaa kimya na kufuata pumzi, wakati watu wanahitaji majembe, mbegu na mabati? Ulizo ni la haki. Tutalijibu kwa habari ya mzee mmoja aliyekuwa mkimbizi kama sisi.

Jina lake ni Thich Nhat Hanh. Alizaliwa Vietnam mwaka 1926, akaingia utawa wa dini ya Budha akiwa na miaka 16. Kazi yake ilianza na kalamu. Mwaka 1956 alikuwa mhariri mkuu wa gazeti la Wabudha wa nchi yake, na mwaka 1964 alisaidia kuanzisha nyumba ya uchapishaji, La Boi, mjini Saigon. Vita ilipozidi, aliona karatasi peke yake haitoshi. Mwaka 1965 yeye na wenzake wakafungua shule ya vijana wa huduma za jamii. Vijana wale walienda vijijini kujenga shule na vituo vya afya, na kusaidia familia zilizokimbia. Kijiji cha Tra Loc, karibu na mpaka wa kaskazini na kusini, kilibomolewa na mabomu, wakakijenga. Kikabomolewa tena, wakakijenga tena. Wengine kati yao waliuawa, maana hawakutaka kushika upande wowote. Sisi wa Fizi na Uvira hatuna lazima ya kuelezwa hiyo ni nini.

Mwaka 1966 alienda Marekani kuomba vita isimame. Huko akakutana na Martin Luther King, ambaye mwaka uliofuata alimpendekeza kwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Lakini serikali ya Saigon ilimfungia mlango wa kurudi, na ile iliyokuja mwaka 1975 haikuufungua. Akabaki Ufaransa.

Sasa tusikilize vizuri hapa. Mwaka 1974, akiwa uhamishoni, aliandika barua ndefu kwa mmoja wa viongozi wa shule ile, kwa ajili ya vijana waliokuwa wanaendelea na kazi katikati ya vita. Ilifundisha namna ya kupumua, namna ya kutembea, namna ya kuosha masahani ukiwa kweli unaosha masahani, na kuchunga siku moja kila wiki ya kufanya kila kitu polepole. Barua ile ikawa kitabu, The Miracle of Mindfulness, ambacho leo kinasomwa dunia nzima. Wengi wanakidhani kimeandikiwa watu wenye nafasi. Kumbe kiliandikiwa watu wa tereni, waliochoka, wenye kuzika wenzao.

Baadaye alisaidia kuokoa Wavietnam waliokimbia kwa mashua, mpaka kazi ile ikazuiwa. Mwaka 1982, pamoja na Sister Chan Khong, mwenzake tangu siku za ile shule, alianzisha Plum Village, kusini-magharibi ya Ufaransa, fasi ya kufundisha utulivu huu. Kwake haikuwa kuacha kazi ya amani. Ilikuwa kuwalinda wale wanaoifanya.

Kwetu, jambo lenyewe tunalijua. Si tunasema: mwili iko hapa, akili iko Nyarugusu? Kufuata pumzi ni kuiita akili irudi pale mwili ulipo. Tazama kesi za mashamba. Mtu ametoka kambini, anakuta shamba la baba yake lina muhogo wa mwingine, na yule mwingine naye amelima hapo miaka mingi. Wapatanishi wetu wanasikiliza maneno hayo toka asubuhi mpaka jioni, bila mshahara. Mpatanishi aliyechoka anasikia nusu ya neno, halafu anakata kesi nzima. Ndiyo maana tunaomba wavute pumzi tatu kabla ya kufungua kila kesi, watembee kimya toka kesi moja mpaka nyingine, na jioni waoshe sufuria ya bukari bila kuendelea kubishana kichwani.

Tunafanya kwa uangalifu. Macho yanabaki wazi, kwa sababu mtu aliyeona vita akifunga macho, anaweza kuona yale aliyoyakimbia. Anayetaka kutoka nje anatoka, haulizwi. Mwenye mzigo mzito zaidi tunamsindikiza kwenye kituo cha afya, maana pumzi si dawa ya kila kitu. Na hatuhubiri dini ya Budha: Mkristo anabaki na sala yake, Mwislamu na swala yake.

Kwa wafadhili tunasema wazi: hii isipunguze hata kilo moja ya mbegu. Pumzi haijazi sufuria. Na isitumiwe kuwatuliza watu wavumilie kunyang'anywa ardhi. Yule mzee alifundisha utulivu, na hakuacha kusema kwamba vita ni mbaya.

Mwaka 2005, baada ya miaka 39, aliruhusiwa kuitembelea nchi yake. Ni mwaka ule ule mashua zilipoanza kuleta ndugu zetu toka Kigoma mpaka Baraka. Mwaka 2018 alirudi kuishi Tu Hieu, hekalu alimoanzia utawa, na akafia hapo Januari 2022, akiwa na miaka 95.

Ombi letu kwa wanachama ni nusu saa tu kwa kila mafunzo, kwa muda wa miezi sita. Halafu wapatanishi wenyewe waseme mbele yenu kama iendelee ama isimame.