NASAHA: Tuwaandikie Wabunge Wetu Kuhusu Samaki

(Maneno yaliyotolewa mbele ya waumini mjini Sumbawanga)



Sifa zote njema anastahiki Allah (Subhaanahu wa Ta'ala), Mola wa viumbe vyote, aliyeitiisha bahari na maziwa yawe hazina ya riziki kwa waja wake. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, maswahaba zake na kila aliyefuata mwendo wao kwa wema mpaka siku ya Kiyama. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu katika imani, leo tumekusudia kuzungumza juu ya samaki, na tutaanza na samaki ambaye wengi wetu hapa Ufipa hatujapata kumwona akiwa hai, naye ni papa. Ndugu zetu wa Pwani wanamjua vyema. Wanamla akiwa mbichi na akiwa mkavu, na jumhuri ya wanachuoni wanaona kuwa ni halali, kwa kuwa Allah (s.w.) ametuhalalishia windo la bahari katika Suratul Maida. Pale Kilindoni, kisiwani Mafia, huja papa potwe, samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani. Hana madhara kwa mtu. Hufungua kinywa akachuja vijidudu vya maji, na wageni hulipa fedha ili waogelee karibu naye.

Papa si kama dagaa. Papa wengi huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa, na wakizaa huzaa wachache. Potwe anahitaji zaidi ya miaka 20 kufikia utu uzima. Mapezi ya papa yalipokuwa bidhaa ya thamani katika masoko ya Asia, walivuliwa kwa kasi isiyolingana na uzazi wao. Ndipo mataifa yakakubaliana, chini ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini (CITES) ambao Tanzania ni mwanachama wake, kuidhibiti biashara hiyo. Potwe aliingizwa katika orodha mwaka 2002, na mwaka 2022 ukafuata ukoo mzima wenye aina nyingi za papa wanaouzwa zaidi. Mambo haya hayakushuka yenyewe. Walikuwapo watu katika nchi mbalimbali walioshika kalamu wakawaandikia watunga sheria wao, mara ya kwanza na mara ya kumi, mpaka wakasikilizwa. Na tuelewane: kumhifadhi mnyama si kumharamisha. Aliyehalalishiwa kula hakuhalalishiwa kumaliza.

Sasa muumini wa Sumbawanga atauliza, papa ana uhusiano gani na sisi tulioko juu huku, katika baridi na mahindi? Jibu liko katika kikapu cha mama anayeuza dagaa sokoni. Dagaa wale na migebuka ile imepanda mlima kutoka Kirando, Kipili na Wampembe wilayani Nkasi, na kutoka Kasanga wilayani Kalambo. Kitoweo cha maskini wa mji huu kinatoka Ziwa Tanganyika, na kingine kinatoka upande wa pili, chini ya kingo za Lyamba lya Mfipa, katika Ziwa Rukwa. Hayo ndiyo maji yetu, na yaliyompata papa baharini yameanza kuwapata samaki wa maji hayo.

Tumtazame sangara wa Tanganyika. Makinda yake hujificha katika majani ya ufukweni mpaka yapate nguvu ya kwenda kwenye maji makuu. Kokoro likiburutwa ufukweni huwazoa hao makinda kabla hawajazaa hata mara moja. Tumtazame na kuhe. Dume na jike hukaa pamoja kuyalinda makinda yao dhidi ya adui. Kiumbe asiyekalifishwa kwa sheria yoyote analinda kizazi chake, na mwanadamu aliyepewa akili anakuja na wavu wa matundu madogo kukikusanya kizazi hicho kwa mkupuo mmoja.

Serikali za nchi nne zinazolizunguka ziwa hili, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, zilitia saini mkataba wa kulihifadhi hapo Dar es Salaam mwaka 2003. Kisha mwaka 2024, kwa upande wa Tanzania, shughuli za uvuvi zilisimamishwa ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Tunajua miezi ile mitatu ilisemwa kwa maneno mengi. Wapo waliosema ni rehema, na wapo waliosema ni njaa iliyoletwa kwa tangazo.

Ndugu zetu, Qur'ani imetuelekeza tulitazame jambo hili kwa kisa. Katika Suratul A'raf Allah (s.w.) ametusimulia habari za mji uliokuwa kando ya bahari, ambao watu wake walikatazwa kuvua siku ya Sabato. Wakatahiniwa. Siku waliyokatazwa samaki walikuja juu ya maji wazi wazi, na siku nyingine hawakuonekana. Wafasiri wametueleza kuwa baadhi yao walifanya hila: waliweka mitego kabla, samaki wakanasa siku ya marufuku, nao wakaja kuwachukua siku ya pili yake huku wakidai kuwa hawakuvua siku ya Sabato. Nani kati yetu hakusikia habari zinazofanana na hizi? Wavu unaozamishwa usiku na kutolewa alfajiri. Samaki wanaovuliwa upande mmoja wa mpaka na kuuzwa upande mwingine. Hatusemi kwamba tangazo la waziri ni sawa na amri iliyoteremka kutoka mbinguni, hasha. Lakini kanuni ya mafakihi ni kwamba kiongozi anapowaamuru raia jambo la maslaha yao, na halina maasi ndani yake, hutiiwa. Na sheria yetu yenyewe inajua marufuku ya muda na ya mahali: aliyehirimia Hija au Umra haruhusiwi kuwinda mnyama wa nchi kavu, hata akimpitia karibu na mkono wake.

Jambo la kuzingatia zaidi katika kisa kile ni kuwa watu wa mji walikuwa makundi matatu. Walikuwapo waliovunja amri. Walikuwapo waliowakataza. Na walikuwapo walionyamaza, tena wakawauliza wale wanaokataza: kuna faida gani kuwawaidhi watu ambao Allah atawaangamiza? Wakajibiwa kwamba waaidhi wanatafuta udhuru mbele ya Mola wao, na huenda wale wakaogopa. Wakataza maovu waliokolewa, na madhalimu wakaadhibiwa. Ama walionyamaza, wanachuoni wamekhitalifiana juu ya mwisho wao. Hebu tujiulize, sisi wa Ufipa tumo katika kundi lipi? Tunaogopa kwamba wengi wetu tumo katika lile la tatu.

Hapa hatuna budi kuligusa jambo jingine japo kwa ufupi. Nyavu zinapotoka tupu, wapo wanaokwenda kwa mganga kutafuta hirizi ya kufunga kwenye mtumbwi, au wanaomtuhumu jirani kuwa amefunga ziwa. Jina la mji wetu huu hufasiriwa na wenyeji kuwa ni kutupa uchawi. Basi na tuutupe! Ziwa halikufungwa na bibi kizee yeyote. Allah amejaalia kila jambo na sababu zake, na sababu hizi zinaonekana kwa macho. Anayeziacha na kufuata hirizi ameingia katika shirki, na samaki pia hakumpata.

Lakini tukiwa waadilifu tutakiri kwamba mvuvi si mkosaji peke yake. Watafiti waliochunguza tope la chini ya Ziwa Tanganyika walichapisha mwaka 2016 matokeo yanayoonyesha kuwa samaki walianza kupungua kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara kuanza, kadiri maji yalivyozidi joto. Maji ya juu yakipata joto hayachanganyiki vizuri na maji ya chini yenye rutuba, na chakula cha samaki hupungua. Na sisi wa juu tuna fungu letu. Tunakata miti, tunalima kwenye miteremko, na mvua ikinyesha udongo wetu unakwenda na Mto Kalambo hadi Tanganyika na kwa Mto Momba hadi Rukwa.

Mtume (s.a.w.) alitupigia mfano wa watu waliopanda jahazi moja, baadhi wakapata sehemu ya juu na wengine ya chini. Wa chini walipohitaji maji walilazimika kupita kwa wa juu, ndipo wakafikiri watoboe tundu katika sehemu yao ili wasiwaudhi wenzao. Wakiachwa wataangamia wote, na wakizuiwa wataokoka wote. Tumeusikia mfano huu mara nyingi, lakini ni nadra kutazama hali ya hao wa chini. Hawakukusudia uovu. Walikuwa na kiu. Basi kumshika mkono mwenye kiu bila kumpa maji hakutoshi. Mvuvi wa Kirando aliyefungiwa ziwa miezi mitatu ana watoto, ana ada, na mara nyingi ana deni la nyavu alizokopa kwa riba. Ziwa limefungwa, lakini riba haikufungwa. Huyu akitoka usiku kuvua, tutamlaumu, lakini tumefanya nini kabla ya lawama?

Ndiyo maana tunasema tuwaandikie wabunge wetu. Tunajua baadhi ya ndugu watasema kuwa kuandikia Bunge ni kujiingiza katika mambo ya dunia yasiyotuhusu. Tunawakumbusha habari za Nabii Yusuf (a.s.). Alikuwa katika nchi ambayo mfalme wake hakuwa katika dini yake, naye akamwelekeza jinsi ya kuhifadhi nafaka katika miaka ya neema kwa ajili ya miaka ya njaa, na akaomba akabidhiwe hazina. Nabii wa Allah alishughulika na ghala la chakula la taifa zima, waumini na wasio waumini. Aidha, Katiba ya nchi yetu ya mwaka 1977, ibara ya 27, imemwekea kila mtu wajibu wa kulinda maliasili ya Jamhuri, na ibara ya 21 imempa raia haki ya kushiriki katika maamuzi ya mambo yanayomhusu.

Tuandike nini? Tuseme kwanza kwamba tunaunga mkono samaki kupewa muda wa kuzaliana, na kwamba makokoro na baruti, vilivyokatazwa tangu zamani, vikatazwe kwa vitendo, kwa mwenye nguvu na kwa mnyonge. Tuombe tarehe za kufunga ziwa zitangazwe mapema, mvuvi apate kuweka akiba na mama wa dagaa ajue atauza nini. Kisha tuseme bila kuficha juu ya riba. Tangu mwaka 2018 halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mlango huo upo. Tuombe vijana na wanawake wa mialoni wafikishiwe mikopo hiyo kabla ziwa halijafungwa, na wazee wasioingia katika makundi hayo watafutiwe njia. Tuombe pia kwamba kila ofisa atakayekamata chombo atoe stakabadhi, kwa sababu marufuku ikiwa bei ya rushwa humfaidisha ofisa, samaki hapati kitu. Na tusimsahau papa wa ndugu zetu wa Pwani: mstari mmoja wa kuwaomba wabunge wasimamie ahadi ambazo nchi yetu imeziweka chini ya CITES hautatugharimu wino mwingi.

Barua iwe fupi, yenye adabu, isiyo na matusi wala vitisho, na iwe na jina na saini ya mwandishi. Wa Nkasi Kaskazini amwandikie mbunge wake, na wa Nkasi Kusini, Kalambo, Kwela na Sumbawanga Mjini vivyo hivyo. Asiyejua kuandika asirudi nyumbani akiwa mnyonge. Wanafunzi wakubwa wa madrasa watakaa barazani Jumamosi na Jumapili baada ya swala ya Alasiri, wataandika kama atakavyosema mwenyewe, watamsomea, kisha ataweka dole gumba. Tunawaomba hasa akina mama wa dagaa wafike, kwani hesabu ya kilichokuwa kinashuka katika malori zamani na kinachoshuka leo wanayo wao kuliko sisi.

Wabillaahi tawfiiq.