Somo la Redio: Fomu ya Simu na Visanduku Vyake

Kujaza fomu ya karatasi tumekwisha kujifunza. Leo tutazame fomu ya kwenye simu, kwa maana mtu asiyejua majibu yake yanakwenda wapi aweza kupunjwa asijue wa kumwuliza.

Kila kisanduku kina jina lake ambalo ninyi hamlioni: kijiji, simu, magunia. Ukibonyeza "Tuma", maagizo mafupi yaliyoandikwa kwa JavaScript, lugha ya kompyuta iliyotokea mwaka 1995, hupita kisanduku kwa kisanduku na kufunga kila jibu pamoja na jina lake: kijiji ni Mikumi, magunia ni 2. Furushi hilo ndilo linalopelekwa. Kisanduku ambacho mtengenezaji hakukipa jina huachwa nyuma, hata kama umekijaza vizuri.

Sasa sikilizeni sana. Jibu la kisanduku hutoka likiwa maandishi tu, hata likiwa tarakimu. Mkulima akiandika magunia 2 ya mahindi, kisha 3, na mwenye kutunga maagizo asiyageuze kuwa hesabu, kompyuta itayaunganisha kama herufi: 23! Lakini namba ya simu, hiyo isigeuzwe kamwe. Ikifanywa hesabu, sifuri ya mwanzo hupotea, na ujumbe wa malipo haufiki.

Basi ukipokea stakabadhi, isome pale pale. Tazama idadi ya magunia, kisha namba yako ya simu, tarakimu moja moja. Kama kuna kosa, rudi kwa karani siku hiyo hiyo.