Mboga Zilizo Mlangoni Petu

Jioni hii twataka kunena nanyi juu ya jambo ambalo huenda wengine wenu watacheka wakilisikia, maana si habari ya nchi za mbali wala ya bei ya pamba. Ni habari ya majani yaotayo nyuma ya nyumba, ambayo kila mmoja wetu huyapita asubuhi aendapo shamba.

Kwanza yatupasa kuelewana juu ya neno lenyewe. Katika Kiswahili chetu mboga ni kila kitu kiliwacho pamoja na wali au ugali. Ukimwuliza mtu, “Leo mboga gani?” aweza kukujibu, “Papa,” au “Maharagwe,” au “Nyama,” naye hakukosea hata kidogo. Basi daktari asemapo, “Kuleni mboga kila siku,” mwenye dagaa wake huitika kwa moyo mweupe, akaenda zake akiamini kwamba amekwisha kutii. Hatusemi kwamba dagaa si chakula chema. Ni chakula chema sana. Lakini sisi leo tukisema mboga twakusudia majani mabichi: mchicha, matembele, kisamvu, majani ya kunde na ya maboga, mnavu, mgagani, mchunga na mlenda, pamoja na jamaa zao bamia, bilinganya, nyanya chungu na karoti.

Zamani kidogo tulifika katika kijiji kimoja cha Pwani, wakati wa adhuhuri, tukakaribishwa barazani kwa heshima nyingi. Tangu tulipoketi tulisikia harufu nzuri ya kisamvu cha nazi ikitoka uani, nasi tulikuwa na njaa. Tukangoja. Chakula kilipoletwa kilikuwa wali na vipande viwili vya samaki mkavu, ambavyo, kama tulivyojua baadaye, kijana alitumwa mbio kuvikopa dukani. Kisamvu hatukukiona. Kisha akaja mtoto mdogo kutoka uani, midomo yake imekuwa kijani, akasimama kututazama. Tukamwuliza mwenyeji wetu kwa utani kama mtoto huyo amekula majani peke yake. Naye akainamisha kichwa akajibu, “Mabwana, mgeni halishwi majani.”

Jawabu lile tumelifikiri mara nyingi. Watu wengi hawali majani ya kutosha, na si kwa sababu hawana. Huyaonea haya. Hudhani ni chakula cha siku mfuko ulipokuwa mtupu, na siku wapatapo fedha kidogo jambo la kwanza waliachalo ni mchicha.

Jioni ile ile, jua likitua, tulimwona mtoto wa jirani, wa kama miaka minne, akicheza uwanjani na wenzake. Kiza kilipoanza kuingia wenzake waliendelea kukimbia, yeye akaketi. Mama yake alipomwita aliinuka akipapasa ukuta, akajikwaa kwenye kinu kilichokuwa mbele yake, akalia. Mama akatuambia, “Huyu amekuwa mwoga wa giza tangu masika.” Sisi hatukudhani kuwa ni woga. Na mama yule alikuwa na vitalu vinne vya mchicha karibu na kisima, tena mzuri wa kupendeza. Lakini mafungu yote yalikwenda sokoni kila asubuhi, na mtoto alikula ugali kwa chai.

Katika majani yenye kijani kilichokolea mna kitu ambacho mwili wetu hukigeuza kuwa vitamini A, na bila hiyo jicho haliwezi kuona katika mwanga hafifu. Ikipungua, mtoto huanza kutoona wakati wa magharibi. Ikizidi kupungua, jicho hukauka, hufanya kidonda, na mwisho huharibika kabisa, wala hapo hapana dawa ya kulirudisha. Tena surua ikimpata mtoto wa namna hiyo humlemea kuliko wenzake. Basi mzazi akimwona mtoto wake akipapasa magharibi, asingoje mchicha uote. Ampeleke zahanati kesho yake asubuhi, akapewe vitamini yenyewe kwa kinywa. Katika Tanzania na Kenya watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 hupewa mara mbili kila mwaka, hata wakiwa wazima. Mtoto yule alipelekwa, nasi tulipata habari baadaye kwamba kinu hakimwangushi tena. Lakini dawa ya zahanati haiondoi haja ya sufuria. Majani hutupa na vitu vingine vingi, na mojawapo ni kile kiitwacho foleti, ambacho mwili hukihitaji katika kutengeneza damu, na mama mwenye mimba hukihitaji kuliko mtu yeyote.

Si ajabu watu kutotambua kilichowaponya. Katika mwezi wa Aprili mwaka 1498, merikebu za Mreno Vasco da Gama zilitia nanga Mombasa. Katika safari ile mabaharia wengi walikuwa wameugua kiseyeye. Miguu na mikono ilivimba, na ufizi ukaota juu ya meno hata wasiweze kula. Mfalme wa Mombasa akawapelekea kondoo, na machungwa na malimau kwa wingi, na miwa. Wagonjwa wakapona. Naye mwandishi wa safari ile akaandika kwamba walipona kwa sababu ya hewa nzuri ya mji! Hewa ya Mombasa ni nzuri, hatubishi, lakini twadhani machungwa yalistahili kutajwa. Ilipita miaka zaidi ya 400 kabla ya wataalamu kuitenga vitamini C, ambayo kuikosa ndiko kuletako kiseyeye, nayo imo katika majani mabichi pia.

Shirika la Afya Duniani hushauri mtu ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kila siku. Msiogope hesabu hiyo, kwa maana embe na papai vimo ndani yake.

Sasa twende jikoni, na hapa twaomba akina baba wasiondoke. Kosa kubwa ni kudhani kwamba kula mboga ni kubandika sufuria ya pili. Kuni ni taabu, na mama ana mikono miwili tu. Yatosha ile sufuria iliyo motoni tayari. Maharagwe yakikaribia kuiva, au dagaa, au mchuzi wowote, katakata konzi mbili tatu za mchicha au matembele, utie, ufunike, uhesabu dakika tano, uipue. Majani hunywea sana. Rundo lililojaa ungo huwa kidogo katika bakuli, kwa hiyo usiogope kutia mengi. Anayefanya hivi mchana na jioni atakuwa amekula majani mara mbili, wala hakuongeza ukuni hata mmoja.

Majani yaoshwe kabla ya kukatwa, si baada, maana yakikatwa kwanza yale yenye faida huondoka na maji. Yapikwe kwa maji machache, na maji hayo yaliwe pamoja nayo. Tumewaona wapishi hodari wakiuchemsha mchicha hata ukawa rangi ya matope, kisha maji wakayamwaga jalalani. Hapo kuku wa jirani hufaidi kuliko watoto wa nyumba. Kadhalika magadi. Twajua kwamba hulainisha upesi na kutunza rangi, na mlenda bila magadi wengine hawautaki kabisa. Lakini magadi huharibu vitamini C, basi tupunguze, na kwa mchicha, ambao ni laini wenyewe, tuyaache.

Kisamvu lakini kina sheria yake, wala katika hili hatufanyi mzaha. Majani ya muhogo yana sumu. Ndiyo maana bibi zetu waliyatwanga sana kinuni, kisha wakayachemsha kwa muda mrefu bila kufunika chungu, sumu ipande na mvuke. Wala hawakusoma kitabu. Anayeona haraka akayakata kwa kisu na kuyapika kama mchicha atajidhuru.

Jambo jingine ni mafuta. Kile kitu cha majani kigeukacho vitamini A hakiingii vizuri mwilini bila mafuta kidogo. Mchicha wa maji na chumvi, kando ya ugali mkavu, huacha sehemu kubwa ya faida yake njiani. Watu wa Pwani hutia tui la nazi, na wa bara karanga zilizotwangwa. Huko Nyanza, upande wa magharibi wa Kenya, hutia maziwa katika mgagani, na uchungu wake hupungua. Desturi hizi zote ni njema, nasi hatuna la kufundisha hapo ila kusema zisiachwe. Ukikamua na ndimu juu ya majani wakati wa kula, madini ya chuma yaliyomo huingia katika damu kwa wepesi zaidi. Chai hufanya kinyume chake, huyazuia. Basi mpenzi wa chai asiinywe pamoja na chakula, aingoje kama saa moja. Twajua kwamba shauri hili ni gumu kuliko yote tuliyoyatoa jioni hii.

Kuna neno moja juu ya sinia. Kula pamoja ni desturi nzuri ya kwetu, wala hatutaki iishe. Lakini mtoto wa miaka mitatu akishindana na mikono ya kaka zake hupata ugali, na mboga huziona zikipita. Mtoto mdogo apewe kibakuli chake mwenyewe, mama atie majani kwanza, kisha ndipo chakula kingine. Yule aliyetimiza miezi sita na kuanza kula aweza kupondewa mchicha laini katika chakula chake.

Huenda mtu akasema, “Haya yote yawezekana masika, je, kiangazi?” Swali hili ni la haki. Mchicha huliwa mwezi mmoja hivi baada ya kupandwa, na ukikatwa juu badala ya kung’olewa huchipua tena. Wenye mbegu wapande kidogo kidogo kila baada ya majuma mawili, siyo wote siku moja. Matembele hayataka hata mbegu. Kata mashina machache ya kiazi kitamu, yachomeke pale yanapomwagwa maji ya kuoshea vyombo, nayo yatakaa kijani wakati majirani wanatafuta majani mbali. Mlonge huvumilia ukame, na majani yake huliwa. Nao watu wa Ugogo, katika nchi kavu ya Dodoma, wana akili ambayo sehemu nyingine imeanza kusahauliwa: huvuna mlenda na majani ya kunde wakati wa mvua, huyakausha, huyaweka, huyala mwaka mzima. Tunaloongeza ni hili, kwamba yakaushwe kivulini penye upepo, maana jua kali huila vitamini A.

Na yule mama mwenye vitalu vinne hatukumwambia aache kuuza. Mchicha ndio uliomnunulia mtoto daftari na mafuta ya taa. Tulimwomba kitalu kimoja tu, cha upande wa nyumba, kiwe cha sufuria yake, wala mtu asikikate kwa ajili ya soko hata bei ikipanda. Alifikiri kitambo, akakubali kile kidogo.

Mwaka uliofuata tulipita tena kijiji kile, nasi safari hii tulipeleka habari mbele kwamba wageni wanataka kisamvu. Bibi wa nyumba hakuamini. Alituandalia kuku, na kando yake kibakuli cha kisamvu cha nazi kilichofunikwa kwa kawa, kana kwamba ni siri. Tulimaliza kisamvu kabla ya kumgusa kuku, tukaomba tena. Akacheka sana, akaenda uani kutazama kilichobaki chunguni, akarudi nacho chote. Nyuma yake alikuja yule mtoto mwenye midomo ya kijani, amekua sasa, akasimama mlangoni akitutazama kwa jicho la mtu aliyeibiwa.