Deni la Darasa: Elimu ya Watu Wazima na Ufundi wa Kazi katika Fizi na Baraka



Katika mkutano mmoja uliofanyika si zamani, ambao ulihudhuriwa na watu wa serikali, watu wa makanisa na watu wa mashirika, msomi mmoja ninayemstahi sana alisimama akatoa rai ambayo, kwa jinsi ilivyokubaliwa na wengi, nimeona si halali kuiacha ipite bila ya jawabu. Alisema kwamba mtu mzima wa Fizi, kwetu huku mashariki ya Kongo, aliyeacha shule kwa sababu ya vita hana haja ya darasa, ana haja ya kazi. Kwamba kumrudisha kwenye hesabu na sarufi ni kumpotezea umri. Na kwamba fedha ya serikali, kwa uchache wake, yafaa imnunulie cherehani au sanduku la vifaa vya useremala, afundishwe miezi sita, kisha aachwe ajitafutie riziki. Mpango wa elimu yetu, yaani miaka 6 ya shule ya msingi, darasa la saba na la nane, miaka 4 ya humanite (sekondari ya juu), na vile vituo vya ratrapaji, yaani vya kufidia masomo yaliyokatika, vinavyokusanya miaka 6 ya msingi katika miaka 3, wenzangu wa fani hii wanaujua, nami sitaueleza kwa urefu. Wasaa wangu nataka niutumie kwa rai hiyo, maana naiona kuwa ina sura ya huruma na matokeo ya dhuluma.

Kwanza, rai yenyewe si mpya wala si yetu. Tangu mapatano ya miaka ya 1920 baina ya dola ya Ubelgiji na misheni, na hasa tangu kanuni za shule za 1929, elimu ya Mkongomani ilipangwa iwe pana chini na nyembamba mno juu: kusoma kidogo, katekisimu, bustani, randa na msumeno, basi. Hoja ilikuwa ile ile tuliyoisikia mkutanoni, kwamba mwenyeji anahitaji mkono uliozoea kazi kuliko akili iliyozoea kuuliza. Chuo Kikuu cha Lovanium hakikufunguliwa ila 1954, na siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, nchi yote hii, yenye ukubwa wa Ulaya ya Magharibi, ilikuwa na wenyeji waliohitimu chuo kikuu wasiofika thelathini. Tabu tuliyoipata baadaye ilikuwa na sababu nyingi, lakini hapana mwanahistoria mwadilifu atakayekana kwamba uhaba huo wa wasomi ulikuwa mojawapo. Basi ni ajabu, na ni huzuni pia, kuona kwamba fikira tuliyoilaani kwa mtawala tunaipokea kwa mikono miwili ikiletwa na mfadhili.

Tuzitazame sasa hoja zake kwa undani. Ya kwanza yasema kwamba ufundi waweza kufundishwa mbali na shule. Katika miaka ile ambayo meli ya Mwongozo ilikuwa ikivuka kutoka Kigoma, Tanzania, ikiwaleta jamaa zetu waliokuwa wamehifadhiwa katika kambi za Lugufu na Nyarugusu tangu vita vya 1996, niliombwa nifundishe hesabu wakati wa jioni katika chumba ambamo kina mama walijifunza kushona hapa Baraka. Alikuwamo mama mmoja aliyekimbia akiwa darasa la nne. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na mshono wake ulinyooka kuliko wa waliomfundisha. Lakini katika mafunzo yake ya miezi sita alipewa patroni moja tu ya karatasi, ya kipimo kimoja, na alipofikiwa na mteja mnene zaidi aliongeza kwa kukisia, akakata. Blauzi nyeupe ya mwalimu wa shule ikagoma kufunga kifuani, na bei ya kitambaa ikamrudia yeye. Tulikaa naye mezani na utepe wa kupimia. Kifua cha mteja ni sentimita 92. Tukigawa kwa 4, kwa kuwa nguo ina nusu mbili mbele na nusu mbili nyuma, tunapata 23. Tukiongeza 2 za nafasi ya kupumua, ni 25. Akachora mstari, akapima tena, akakata, akaikunja nusu moja juu ya nyingine, zikalingana. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa: «Mwalimu, mbona hili hawakutuambia siku ya kwanza?»

Swali lake nimelibeba miaka yote, na sijapata kulisikia likijibiwa na wale wanaotaka ufundi utenganishwe na elimu. Kugawa kwa 4 ni hesabu ya darasa la tatu na ndiyo roho ya ushonaji. Nendeni ufukweni, mkawatazame vijana wanaoendesha boti za kwenda Kazimia na Ubwari: anayejua kwamba mashine yake yataka sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya mafuta atatia mililita 400 katika dumu la lita 20, na asiyejua uwiano atamimina kwa jicho, mpaka siku ile pistoni itakapokwama katikati ya maji pamoja na abiria na magunia ya ndakala, yaani dagaa. Fundi asiyesoma hubaki msaidizi wa fundi mwingine hata akiwa hodari kumzidi, kwa kuwa hawezi kuandika hesabu ya mbao, hawezi kutia sahihi mkataba anaouelewa, wala hawezi kujifunza mashine mpya kutoka katika kitabu chake.

Hoja ya pili yasema kwamba mtu mzima hafundishiki, au hana muda. Hapa sina budi kuvuka Ziwa Tanganyika hadi Tanzania. Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na nchi ambayo 1967 takriban theluthi mbili ya watu wake wazima hawakujua kusoma ilifikia 1975 ikiwa na asilimia 39 tu ya wasiojua. Katika 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma kijitabu na kujadiliana, kisha kwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Hao walikuwa wakulima, wavuvi na wanawake wenye watoto mgongoni, na hapana hata mmoja kati yao aliyekuwa na muda wa ziada.

Lakini hazina ninayoipenda kuliko zote ni vitabu vya kusomea vilivyotungwa kwa ajili ya mradi wa kisomo chenye manufaa ulioanza 1968, kwa msaada wa UNESCO, katika mikoa ya Tanzania inayolizunguka Ziwa Victoria. Nawasihi wanafunzi wangu wavitafute vitabu hivyo kama wanavyotafuta vitabu vya falsafa, kwa kuwa ndani yake mna falsafa nzima. Watungaji hawakutunga kitabu kimoja cha abjadi kwa watu wote. Walikwenda kwa mkulima wa pamba, kwa mwenye migomba, kwa mfugaji, kwa mvuvi, kwa mama wa nyumba, na kila mmoja wakamwekea mfululizo wake, herufi zikitoka katika kazi yake mwenyewe. Mvuvi alianza na picha ya jambo alilolifanya alfajiri ile ile. Chini ya picha palikuwa na maneno machache ya kulieleza. Neno likakatwa silabi. Silabi zikaunganishwa zikazaa neno jingine. Na alipofika mwisho wa kitabu alikuwa amejifunza kusoma, na pamoja na kusoma amejifunza jambo la kuhifadhi samaki au kutunza chombo, asijue wapi elimu ilikomea na wapi ufundi ulianzia.

Naomba mzingatie jambo hilo, maana wenye rai ninayoipinga hudhani kwamba kuna njia mbili tu: ama shule ya watoto iliyopanuliwa madawati, ama karakana isiyo na kitabu. Vitabu vile vilikwisha kuonyesha, zaidi ya nusu karne iliyopita, kwamba kuna njia ya tatu, nayo ilipitiwa na wavuvi wa ziwa kama letu, katika lugha yetu hii hii. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya mafanikio yale ilififia baadaye, uchumi wa Tanzania ulipoyumba na hazina ikajiondoa. Bali hilo naliona kuwa ithibati ya hoja yangu, kwa maana darasa la watu wazima lilisimama maadamu dola ilililipia, na liliyumba dola ilipolegeza mkono.

Hapo tunafikia hoja ya tatu, ambayo ndiyo ngome yao ya mwisho, yaani fedha. Husemwa kwamba serikali iliyotangaza elimu ya msingi bila malipo mnamo Septemba 2019, na ambayo bado ina walimu wengi wasioingia katika orodha ya mishahara, haina cha kumpa mtu mzima. Jambo hili nalichukua kwa uzito. Hata hivyo Katiba ya 18 Februari 2006, katika ibara ya 44, imelifanya jukumu la kufuta ujinga wa kutojua kusoma kuwa wajibu wa taifa na kuitaka Serikali iandae programu mahususi ya kuutimiza. Haikusema baada ya watoto kwisha, wala haikusema kwa hisani ya wageni. Sheria ya elimu ya 11 Februari 2014 nayo imeiweka elimu isiyo rasmi ndani ya elimu ya taifa. Kasoro yetu iko katika mpango: mtoto yuko chini ya wizara moja, mtu mzima wa kisomo na ratrapaji chini ya wizara ya mambo ya jamii, na ufundi wa kazi chini ya wizara ya tatu, hata yule mama wa blauzi, kwa kuwa anataka hesabu na mkasi kwa pamoja, hana mlango wa kubisha.

Ni kweli, iko taasisi ya serikali ya INPP, iliyoundwa 1964 kufundisha kazi, lakini hulishwa kwa mchango wa waajiri. Huo ni utaratibu mwema kwa Kinshasa na Lubumbashi. Lakini katika sekta nne za utawala za Fizi yetu, Mutambala, Tanganyika, Ngandja na Lulenge, waajiri wakubwa wako wapi? Watu wetu wajiajiri wenyewe kwa nyavu, muhogo, mawese na sururu ya migodi ya Misisi, na dhahabu ya wachimbaji wadogo aghalabu hupita nje ya mkono wa hazina. Ikiwa elimu ya mtu mzima itafuata mchango wa mwajiri, haitafika Fizi kamwe. Kanuni ya madini iliyorekebishwa 2018 imeutengea mkoa asilimia 25 ya ushuru wa madini, na miji na sekta asilimia 15. Nasema wazi kwamba fungu la elimu ya watu wazima lianzie humo, na kwamba majengo ya shule zetu, ambayo baada ya mchana hulala matupu, yawe madarasa ya jioni kwa gharama ya taa na posho ya mwalimu.

Iko hoja moja ninayoikubali nusu: kwamba diploma ya Taifa, ile ya kumaliza sekondari, haimpi mtu kazi. Sawa, wako wenye diploma wanaopakia mizigo bandarini. Lakini asiyekuwa nayo hawezi kuwa mwalimu anayetambuliwa wala kuingia chuo, hata akiwa na akili ya kuwapita wote. Mtihani wa Taifa, tangu ulipowekwa 1967, umekuwa ndiyo kizingiti, na otodidakte, yaani mtu aliyejisomea mwenyewe, anaruhusiwa kuufanya. Mlango basi upo, ila ngazi ya kuufikia kila mtu hujijengea kwa mfuko wake, kuanzia vitabu mpaka ada ya kushiriki. Kwingine waliwafikiria watu wa namna hii: Marekani ilianzisha mtihani wa GED, wa kuthibitisha elimu ya sekondari, 1942 kwa ajili ya askari ambao vita vilikatiza masomo yao. Kwetu aliyeweka silaha chini hupewa vifaa vya kazi na kuambiwa asahau shule. Na ikiwa mtu atasema kwamba kijana wa vita hawezi kurudi kitabuni, namjibu kwa jina la Freddy Ilanga, kijana aliyemfundisha Che Guevara Kiswahili katika milima hii mwaka 1965. Dola ya Kuba ilimpokea, ikamsomesha, akawa daktari wa upasuaji wa mishipa ya fahamu. Dola ya watu wengine ilimlipia. Yetu ingeweza kumlipia nani?

Limebaki jambo la lugha, ambalo najua litawaudhi baadhi ya rafiki zangu. Mtihani wa Taifa hufanywa kwa Kifaransa, na atakayewafundisha watu wazima kwa Kiswahili aweza kulaumiwa kwamba anawapeleka vitani bila ya ngao. Nimelipima lawama hilo, na naona lina haki kiasi: Kifaransa hakina budi kufundishwa, tena vizuri, kuwa somo kamili kila jioni. Hata hivyo nasimama pale pale nilipokuwa. Mtu wa Baraka hupatana bei, husali na huzika kwa Kiswahili, iwe nyumbani asema Kibembe, Kibuyu, Kifuliru au Kinyamulenge. Katiba imekitambua kuwa lugha ya taifa, na sheria ya 2014 inaruhusu lugha za taifa zitumike kufundishia. Hesabu ya robo ya kifua yule mama aliielewa jioni moja kwa sababu aliisikia kwa lugha anayoiwazia.

Basi nayaomba mambo matatu kwa Baraza la Mkoa na kwa wakuu wa mji na wa sekta walioko hapa. Pawe na darasa la jioni la serikali, lisilo na ada, lifundishalo masomo na ufundi chini ya paa moja. Ada ya otodidakte wa Fizi ilipwe na fungu la umma. Na mafunzo yo yote ya ufundi yatakayopokea kibali katika eneo hili yawe na saa za kusoma na hesabu zilizoandikwa katika ratiba yake, la sivyo yasipewe kibali. Bajeti ya mkoa hupigiwa kura kila mwaka. Waheshimiwa wajumbe, mtakapoifungua tena, sisi walimu tutaisoma mstari kwa mstari, na tutakuja kuwauliza hadharani fungu hilo mmeliandika wapi.