Tuwaulize Majirani



Mwaka 1983 Sheria ya Nguvu Kazi iliwasomba wasio na kazi Dar es Salaam kuwapeleka vijijini, wengi walirudi. Nami sikujifunza. Niliwahi kusimamia kuwafukuza vijana wabeba mizigo waliolala barazani Mnazi Mmoja. Kesho yake walilala kando ya barabara, hatarini zaidi.

Mzee mmoja jirani akaniambia: "Mwanangu, mbona hukutuuliza?" Tulipokaa na majirani na mjumbe wa nyumba kumi, hofu zao zilikuwa wizi na choo. Tukakubaliana: majina yaandikwe, taa iwake, ufunguo wa choo awe nao kijana mmoja, baraza ifagiliwe alfajiri. Baraza mbili zikapatikana.

Ndugu wanafunzi, mkipewa ofisi, anzeni kwa jirani.