Jalada la Chama Katika Kompyuta ya Mbali

Maelezo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi



Chama cha msingi chenye kiwanja, ghala au mkopo hakikosi siku ya kumhitaji wakili. Mjini Mwanza wapo mawakili wanaofanya kazi katika ofisi ndogo: wakili mmoja au wawili, karani, na kabati la majalada. Ndani ya kabati hukaa hati ya kiwanja cha chama, muhtasari wa mkutano ulioamua kufungua shauri, na stakabadhi za fedha zilizolipwa. Karatasi hizo ni za chama, ingawa zimehifadhiwa kwa mtu mwingine. Siku hizi kabati hilo linahamia katika kompyuta za mbali. Madhumuni ya maelezo haya ni kuonyesha linakokwenda, na mambo ambayo katibu hana budi kuyauliza.

Utaratibu huo huitwa wingu. Jina hilo lisimtishe mtu, kwa maana hakuna kinachohifadhiwa angani. Ni kompyuta kubwa zilizomo katika majengo yenye ulinzi, mara nyingi katika nchi nyingine, ambazo wenyewe huzikodisha. Wakili hulipa ada kwa mwezi au kwa mwaka. Karatasi zake hupigwa picha na kutunzwa humo, naye huzisoma kwa njia ya intaneti. Pamoja na hifadhi hiyo hupatikana programu ya kuendeshea ofisi, ambayo hupanga majalada, huhesabu siku za mahakama, hutenganisha fedha za mteja na za ofisi, na huandaa ankara. Programu ya Clio, iliyoanzishwa nchini Kanada mwaka 2008, ni miongoni mwa zile za mwanzo zilizolenga ofisi ndogo za namna hii.

Faida zake ni za kweli. Anayeshindwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Anayetaka kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani hutakiwa kuwasilisha taarifa ya kusudio la rufaa ndani ya siku 30. Chama chenye haki kinaweza kupoteza kiwanja kwa sababu tu siku zimepita bila mtu kukumbuka. Programu humkumbusha wakili mapema. Aidha, mchwa, moto na mvua haviteketezi nakala iliyo mbali. Na katibu aliyeko Nansio, Ukerewe, haimlazimu kuvuka ziwa ili aione hati moja. Mahakama zenyewe zilifungua njia kwa kanuni za mwaka 2018 zilizoruhusu hati kuwasilishwa kwa njia ya kielektroniki.

Hata hivyo, wanaushirika wanaufahamu utaratibu wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria mwaka 2005. Mkulima hukabidhi mazao yake katika ghala la mwingine bila kupoteza umiliki, kwa sababu ameshika stakabadhi. Hifadhi ya kompyuta inafanana na ghala hilo, ila kwa jambo moja. Gunia likiibwa, mahali pake huonekana patupu. Hati ikiibwa katika kompyuta, yenyewe hubaki palepale; mwizi ameondoka na nakala, na huenda mwaka ukapita bila yeyote kutambua.

Kwa sababu hiyo sheria imeingia kati. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na inaweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Daftari la wanachama lenye majina, namba za simu na akaunti za benki ni taarifa za namna hiyo. Huko Marekani, chombo kinachosimamia mawakili wa jimbo la North Carolina kilieleza, katika maoni yake ya maadili Na. 6 ya mwaka 2011, kwamba wakili anaruhusiwa kutumia hifadhi hizo mradi achukue hadhari ya kutosha kulinda siri na karatasi za mteja.

Basi, chama kimwulize wakili wake maswali matano.

Kwanza, je, mkataba unaandika wazi kuwa majalada ni ya chama, wala si ya mwenye kompyuta?

Pili, nani ana neno la siri? Kila mtu awe na lake, na karani anayeacha kazi afungiwe siku hiyohiyo.

Tatu, kompyuta hizo ziko nchi gani?

Nne, nakala nyingine iko wapi? Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikavurugika nchini. Aliyekuwa na nakala ofisini aliweza kuendelea na kazi. Hati halisi zenye mihuri zisitupwe.

Tano, wakili akifariki, akiacha kazi au akishindwa kulipa ada, chama kitalipataje jalada lake? Swali hili ndilo zito kuliko yote. Kabati la marehemu hufunguliwa na fundi kwa nyundo, mbele ya mashahidi. Neno la siri alilolijua mtu mmoja halifunguliwi kwa nyundo, na siku za rufaa hazimsubiri mtu. Kwa hiyo pawepo mtu wa pili aliyeteuliwa kwa maandishi.

Maswali hayohayo yawarudie makatibu wenyewe. Tume ya Maendeleo ya Ushirika inao Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, yaani MUVU, na taarifa za vyama huingizwa humo. Katibu anayeondoka akakabidhi funguo za ghala na kitabu cha fedha, lakini asikabidhi nafasi yake ya kuingia katika mfumo, hajamaliza makabidhiano.

Yafaa kila bodi iyaweke maswali haya katika ajenda ya kikao kijacho, imwandikie wakili wake, na majibu yaingizwe katika muhtasari ili yasomwe mbele ya wanachama katika mkutano mkuu.