Zawadi kwa Mtoto: Mapenzi, Uadilifu na Suala la Sherehe za Kuzaliwa

(Hotuba kwa wazazi na walezi, iliyotolewa baada ya Swala ya Alasiri)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola Mlezi wa walimwengu wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Maswahaba zake na wote wanaofuata mwendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. 

Mada yetu ya leo huenda ikaonekana ndogo mbele ya mambo mazito yanayoukabili Umma. Tunakusudia kuzungumza juu ya zawadi anazopewa mtoto, na hasa zile zinazotolewa katika sherehe za kuzaliwa ambazo zimeenea mijini mwetu. Lakini jambo linalogusa mfuko wa baba, moyo wa mama na malezi ya mtoto kwa pamoja haliwezi kuwa dogo.

Hali ilivyo

Kadi ya mwaliko huja nyumbani ndani ya mkoba wa mtoto wa chekechea. Mama huisoma, kisha huhesabu alichonacho. Siku ikifika huwapo keki, muziki na mshereheshaji mwenye kipaza sauti. Wageni hupanga mstari na kwenda mbele wakicheza, mmoja baada ya mwingine, na kila zawadi hutangazwa. Aliyeleta baiskeli hushangiliwa kwa vigelegele. Aliyeleta madaftari mawili hupigiwa makofi ya heshima, kisha anaitwa anayefuata. Na katika nyumba nyingine lipo daftari linaloandikwa nani ametoa nini, ili siku yake ikifika arudishiwe kwa kiwango hicho hicho au zaidi.

Mama asiyekuwa na uwezo hubaki na njia mbili. Ama akope katika kikundi cha akina mama, ama amzuie mtoto nyumbani na kupeleka habari kwamba anaumwa. Njia ya kwanza ni deni lisilokuwa na dharura, na ya pili ni uongo anaoushuhudia mtoto mwenyewe. Hapo ndipo lilipo tatizo, ndugu zetu. Mtoto wa miaka mitano anafundishwa kwamba thamani ya mtu ni kile alichokishika mkononi.

Kauli za wanavyuoni

Wanavyuoni wa zama hizi wamehitilafiana kuhusu kuadhimisha siku ya kuzaliwa. Sheikh Abdul-Aziz bin Baz, aliyefariki mwaka 1999, na wengi walio katika njia yake, wamelikataza jambo hilo kwa kuwa halina asili katika dini na ni kuiga desturi za wasiokuwa Waislamu. Taasisi ya fatwa ya Misri, Dar al-Iftaa, imeliona kuwa ni ada tu, yenye kufaa madhali halikuchanganyika na haramu.

Sisi katika harakati hii tumechagua kutoziandaa sherehe hizi. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa kuhusu kufunga siku ya Jumatatu, alieleza kuwa ndiyo siku aliyozaliwa na siku aliyoteremshiwa Wahyi, kama alivyopokea Imam Muslim. Aliikabili siku hiyo kwa funga, kila wiki, wala hakuwakusanya watu ili wamletee chochote. Na mtoto anapozaliwa, Sunna imetuwekea akika siku ya saba. Imepokewa kwamba alipozaliwa Hasan (R.A.), Mtume (S.A.W.) alimwagiza Fatma (R.A.) amnyoe nywele na kutoa sadaka ya fedha kwa uzito wake. Angalieni mwelekeo wa mali hiyo. Furaha ya kuzaliwa mtoto ilitoka ndani ya nyumba kwenda kwa maskini, haikuwa mali inayokusanywa kwa wageni kuingia ndani.

Hata hivyo, msimamo huu haumpi mtu ruhusa ya kuwa mgumu kwa watoto. Wako wanaokataza keki na kuishia hapo. Mtoto wao haoni zawadi mwaka mzima, hapati neno la kumfurahisha, kisha wanashangaa anapokua akaiona dini kuwa ni orodha ya makatazo. Anayefunga mlango mmoja na afungue mwingine.

Mtume (S.A.W.) alivyompa mtoto

Imam Bukhari amepokea kisa cha Ummu Khalid (R.A.), binti mdogo aliyerejea pamoja na wazazi wake kutoka Uhabeshi. Mtume (S.A.W.) aliletewa nguo, na miongoni mwake imo moja ndogo nyeusi yenye nakshi. Akawauliza Maswahaba wanaonaje, nani avishwe nguo hiyo. Wakanyamaza. Akaagiza aletwe Ummu Khalid. Akaletwa akiwa amebebwa, na Mtume (S.A.W.) akamvisha kwa mkono wake mwenyewe, akamwombea aivae mpaka ichakae. Kisha akawa anaitazama ile nakshi na kumwambia kwa lugha ya Kihabeshi kuwa ni nzuri.

Katika kisa hiki kifupi mna adabu zote za zawadi ya mtoto. Mbele ya watu wazima alichaguliwa mdogo. Zawadi haikutupwa wala kupelekwa na mjumbe, bali mtoaji alimvisha mwenyewe. Dua iliambatana nayo. Na mtoto aliyetoka ugenini alisemezwa kwa lugha aliyoizoea. Hakuna kilichotangazwa kuhusu bei, na binti yule aliyakumbuka mambo hayo mpaka ukubwani, akayasimulia yakatufikia.

Vilevile, amepokea Imam Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alipoletewa matunda ya kwanza ya msimu aliiombea Madina baraka, kisha akampa tunda mtoto mdogo kuliko wote waliohudhuria. Lilikuwa tunda tu.

Adabu za kuzingatiwa

Kwanza, nia. Katika Suratu Ruum, aya ya 39, Allah (S.W.) anabainisha kwamba kinachotolewa ili kiongezeke katika mali za watu hakiongezeki kwake. Ibn Abbas (R.A.) na wafasiri wengi wa mwanzo wameifahamu aya hiyo kuwa inamgusa anayetoa zawadi huku akitaraji kurudishiwa zaidi: hapati dhambi kwa hilo, lakini pia hana thawabu. Ni kweli kwamba Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akipokea zawadi na kuilipa. Basi kulipa wema ni adabu ya aliyepokea. Kudai malipo si adabu ya aliyetoa. Lile daftari, ndugu zetu, limegeuza zawadi kuwa mkopo, tena mkopo ambao aliyekopeshwa hakuuomba.

Pili, kutodharau kidogo. Mtume (S.A.W.) amewausia wanawake wa Kiislamu, jirani asimdharau jirani yake hata kwa ukwato wa mbuzi. Wahenga wetu nao wamesema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kwa hiyo zawadi zisifunguliwe mbele ya watu wala zisitajwe kwa majina. Zikusanywe mahali pamoja, zifunguliwe baadaye, na kila aliyeleta ashukuriwe kwa namna moja.

Tatu, uadilifu baina ya watoto. Bashir bin Saad (R.A.) alimpa mwanawe Nuuman zawadi, na mama wa mtoto, Amra bint Rawaha (R.A.), akakataa kuridhika mpaka Mtume (S.A.W.) ashuhudie. Alipoulizwa kama amewapa watoto wake wote mfano wake, Bashir akajibu hapana. Mtume (S.A.W.) akaamrisha watu wamche Mungu na kufanya uadilifu baina ya watoto wao, na Bashir akaichukua tena zawadi ile. Mahanbali wameona usawa huo kuwa ni wajibu, na wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu hapa tunayafuata, wameona kuupuuza bila sababu ni makuruhu. Mwenye wake wawili na awe na hadhari kubwa zaidi. Mtoto wa nyumba ndogo anayesikia kwamba ndugu yake kwa baba amenunuliwa baiskeli hahitaji kuambiwa jambo la pili.

Nne, mtoto asiyehesabiwa. Katika nyumba nyingi yumo msichana wa kazi aliyetoka kijijini, ambaye pengine hajawazidi sana umri watoto anaowahudumia. Siku ya furaha yeye ndiye anayebeba sahani na kuosha vyombo, na hakuna anayemuuliza alizaliwa lini. Mtume (S.A.W.) ameagiza kwamba mtumishi aliyeandaa chakula, kama hakukalishwa kula pamoja na mwenye nyumba, basi japo apewe tonge moja au mawili, kwa kuwa yeye ndiye aliyestahimili joto la kukipika. Tunawausia: mzazi anaponunua nguo tatu kwa watoto wake watatu, anunue na ya nne. Na yatima wa jirani asisahauliwe.

Tano, kutimiza ahadi. Abdullah bin Amir (R.A.) amesimulia kwamba mama yake alimwita akimwambia aje ampe kitu, na Mtume (S.A.W.) yuko nyumbani kwao. Akamuuliza alikusudia kumpa nini. Mama akajibu, tende. Mtume (S.A.W.) akamweleza kwamba lau asingempa kitu, ingeliandikwa juu yake kuwa ni uongo. Ni wangapi wanaomnyamazisha mtoto kwa ahadi wasiyoikusudia?

Sita, mali ya mtoto ni ya mtoto. Aliyekwisha kutoa asirudie kuchukua, kwani Mtume (S.A.W.) amemfananisha anayeirudia zawadi yake na mbwa anayerudia matapishi yake. Aliyetolewa katika hukumu hiyo ni mzazi kwa alichompa mwanawe, kama alivyofanya Bashir. Ama bahasha alizopewa mtoto na watu wengine, baba ni mlinzi tu. Mahanafi wamejadili hata zawadi zinazoletwa katika karamu ya jando, wakaangalia desturi na aina ya kitu: kinachomfaa mtoto ni chake. Fedha hizo ziwekwe kwa ajili ya ada ya shule na vitabu, na mtoto aambiwe zimekwenda wapi.

Mwaliko kutoka kwa jirani

Tunaulizwa mara nyingi: mtoto wetu amealikwa na mwenzake wa darasani, pengine Mkristo, tufanyeje? Tunajibu kwamba tusiwavunjie watu heshima. Suratul Mumtahina, aya ya 8, haitukatazi kuwafanyia wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini. Umar (R.A.) alimpelekea nguo ndugu yake aliyekuwa bado mshirikina Makka. Abdullah bin Amr (R.A.) alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake aliuliza kwanza kama jirani yake Myahudi amepelekewa nyama.

Kwa hiyo, mzazi asiyetaka kumpeleka mwanawe amweleze mwenye sherehe ukweli kwa maneno mazuri, wala asisingizie maradhi. Na siku nyingine, isiyokuwa ile ya sherehe, mtoto apeleke zawadi yake nyumbani kwa mwenzake: kitabu, mpira, au sahani ya maandazi yaliyopikwa kwa ajili yao. Jirani akijua kwamba hatukuja kwa sababu ya imani, na akaona kwamba mapenzi yetu hayakupungua, huo nao ni ulinganiaji.

Mlango tunaoufungua

Tunazo Idi mbili. Watoto wa Unguja wanazijua kwa nguo mpya, kwa sarafu wanazopewa na jamaa nyumba hadi nyumba, na kwa viwanja vya sikukuu. Tuzitukuze siku hizo kwa watoto wetu. Baba anayesema hana fedha ya Idi kwa kuwa ameimaliza kwenye michango ya sherehe za watu na apange upya hesabu zake, akikumbuka kwamba Suratul Israa, aya ya 26 na 27, imetaja haki ya jamaa, maskini na msafiri, kisha ikawahesabu wabadhirifu kuwa ni ndugu wa mashetani.

Mbali na Idi, mtoto apewe pale anapohitimu juzuu, anapofunga siku yake ya kwanza ya Ramadhani, anapotoka hospitali, au bila ya sababu yoyote isipokuwa kwamba anapendwa. Kila madrasa na iweke kijisanduku cha zawadi, kila mzazi atie alichonacho bila jina, na mwalimu agawe kwa watoto wote kwa usawa. Jambo hili halihitaji mfadhili kutoka nje. Linahitaji sanduku na watu waaminifu.

Ndugu zetu, mtoto aliyepewa peremende kwa tabasamu na dua ataikumbuka. Na mtoto aliyepita mstarini na madaftari mawili huku watu wakinong'ona naye atakumbuka. Tujihadhari na kumbukumbu hiyo ya pili, maana aliyeipanda ataulizwa juu yake.

Tunamwomba Allah (S.W.) ajaalie watoto wetu wawe kitulizo cha macho yetu, atupe riziki ya halali ya kuwafurahishia, na aisafishe mikono yetu inapotoa na inapopokea. Amin.

Wabillahi Tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.